Hita ya gesi ikigoma kuwaka, anza na maji

Kuanzia Juni, kusi linapovuma na maji ya bombani kuwa ya baridi asubuhi, simu ninazopigiwa hapa Tanga zinafanana sana: "Fundi, mtungi umejaa, jiko linawaka vizuri, lakini hita haiwaki." Anayepiga ameshabadilisha mtungi, na wengine wameshanunua hata regulata mpya. Pesa imetoka na hita bado imekaa kimya ukutani. Nikifika, mara nyingi nakuta gesi haina kosa lolote. Tatizo liko kwenye maji.

Nazungumzia hita ndogo za kutundikwa ukutani, zinazopasha maji yanapopita bila kuyahifadhi. Zipo kwenye nyumba za wageni za Raskazone, na siku hizi utazikuta pia kwenye nyumba za kawaida za familia. Watu wanazipenda kwa sababu umeme ukikatika zinaendelea kufanya kazi; nyingi zinatumia mawe mawili makubwa ya tochi, basi. Na kwenye nyumba yenye mzazi anayekandwa, au mzee ambaye viungo vinamkaza wakati wa baridi, maji ya moto si anasa. Ndiyo maana inaniuma kuona mtu anauziwa hita nyingine nzima wakati kilichokufa ni kipande cha mpira kisichozidi kiganja.

Ili ujue kosa liko wapi, fuata kazi ya hita kwa mpangilio wake. Ukifungua bomba la maji moto, maji yanaingia kwa chini na kupita kwenye chemba yenye mpira mwembamba wa duara, diaframu. Mwendo wa maji unafanya presha ya upande mmoja wa mpira izidi ya upande wa pili, mpira unajikunja, na kijiti kidogo kinasogea. Kijiti kikisogea, swichi ndogo iliyo pembeni yake inaamsha kadi ya umeme, kile kibao kidogo kinachoiongoza hita. Kadi inatoa cheche na papo hapo inafungua valvu ya gesi. Moto ukishika, kuna ncha ya chuma iliyosimama ndani ya ndimi za moto. Moto unapitisha umeme kidogo sana kupitia ncha hiyo, na hivyo ndivyo kadi inavyojua kwamba moto upo. Isipopata habari hiyo ndani ya sekunde chache, inafunga gesi.

Sasa angalia: gesi haipati hata ruhusa ya kutoka mpaka maji yamalize kazi yake. Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni sikio. Funga mtungi, fungua bomba la maji moto, sikiliza. Cheche zikilia, maji, swichi na mawe vimefanya kazi, na uchunguzi unahamia kwenye gesi. Kukiwa kimya kabisa, mtungi na regulata viache hapo vilipo, havihusiki.

Kimya hicho ndicho ninachokutana nacho zaidi, na chanzo chake kikubwa ni tanki. Nyumba zetu nyingi hazipeleki maji ya bomba moja kwa moja bafuni. Yanapanda kwanza kwenye simtanki, kisha yanashuka kwa uzito wake. Maji yenye kimo cha mita 10 yanatoa presha ya bar 1. Hita nyingi za aina hii zimeandikwa kwamba zinataka angalau 0.02 au 0.025 MPa, ambayo ni bar 0.2 au 0.25, yaani kimo cha mita 2 au 2 na nusu. Watu wakisikia hivyo wanatulia, kwa sababu tanki lao liko juu ya mnara wa mita 3. Lakini kimo hakihesabiwi kutoka ardhini. Kinahesabiwa kutoka usawa wa maji ndani ya tanki hadi mahali maji yanapotokea, na shawa imefungwa mita 2 juu ya sakafu. Kwenye mita 3 za mnara ukiondoa mita 2 za shawa, inabaki mita 1, uongeze na kina cha maji yaliyomo tankini. Tanki likiwa limejaa unafika mita 2 kwa shida. Likishuka nusu, hita haiamki.

Bibi mmoja wa Chumbageni aliniambia, "Mwanangu, hii hita asubuhi inanitii, jioni inaninunia." Nikamuuliza, "Bibi, tanki mnajaza saa ngapi?" Akasema alfajiri, maji yanapotoka. Jibu lilikuwa pale pale. Hita haikuwa na ubovu hata kidogo. Jioni tanki lilikuwa limetumika, presha imeshuka, na mpira haukuwa na nguvu ya kusukuma kijiti.

Kipimo cha hali hiyo hakihitaji kifaa chochote. Kama bafu lina bomba la chini la kujazia ndoo linalopita kwenye hita hiyohiyo, fungua hilo badala ya shawa. Hita ikiwaka kwenye bomba la chini na kugoma kwenye shawa, umeshapata jibu. Kama bomba hilo halipo, fungua kichwa cha shawa ukitoe kabisa, ujaribu tena. Pia weka ndoo ya lita 10 uangalie saa: ikichukua zaidi ya dakika 4 kujaa, maji yanayopita ni chini ya lita 2 na nusu kwa dakika, na hita nyingi haziamki kwa kiasi hicho. Dawa ni kuinua tanki, kubadilisha bomba la nusu inchi kuwa la robo tatu kutoka tankini, au kutafuta kichwa cha shawa chenye matundu makubwa. Pampu ndogo nayo inasaidia, ila ujue umerudi kwenye kutegemea umeme.

Kama presha ipo na kimya kinaendelea, fungua chujio dogo kwenye mdomo wa kuingizia maji. Hasa baada ya masika nalikuta limeshonwa na mchanga na tope. Wanaotumia maji ya kisima wana kero nyingine: ardhi yetu ni ya matumbawe na mawe ya chokaa, na chokaa hiyo inaganda kwenye chujio na kukausha mpira wa diaframu mpaka unakakamaa au kupasuka. Chujio liloweke kwenye siki, halafu ulisugue kwa mswaki. Mpira uliopasuka hauna tiba, unabadilishwa. Utajuaje? Ondoa kifuniko cha mbele, mtu mwingine afungue maji, nawe utazame kijiti. Maji yanamwagika vizuri na kijiti hakisogei: mpira. Kijiti kinasogea na cheche hakuna: swichi, waya zake, au mawe.

Mawe yanastahili uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Mawe mawili ya volti 1.5 yanatoa volti 3, na ukiyapima yakiwa yamepumzika yanaweza kukuonyesha karibu 3 hata kama yamechoka. Yapime wakati hita inajaribu kuwaka. Usomaji ukiporomoka, yatupe. Na kabla ya kuweka mapya, safisha vibati na springi za kasha lake. Hewa ya bahari yenye chumvi inavipaka ukungu wa kijani unaozuia umeme, na mtu anaweza kubadilisha mawe kila wiki bila kupata nafuu.

Tuseme cheche zinalia lakini moto haushiki. Sasa ndipo tunakwenda kwenye gesi. Kama mtungi umebadilishwa hivi karibuni, kuna hewa ndani ya mpira wa gesi. Fungua na kufunga maji mara kadhaa mpaka itoke. Isipokubali, achana na hoja ya "jiko linawaka". Plate moja ya jiko inakula takriban kilo 0.2 za gesi kwa saa. Hita ya lita 10 kwa dakika ikiwa wazi kabisa inakula karibu kilo 1.5 kwa saa. Soma kwenye mwili wa regulata: imeandikwa inapitisha kilo ngapi kwa saa. Ikiwa ni 1, jiko litaringa na hita itakufa njaa. Mtungi wa kilo 6 nao haufai, kwa sababu gesi iliyomo ni kimiminika kinachotakiwa kugeuka hewa, na mtungi mdogo haukusanyi joto la kutosha kukigeuza kwa kasi hiyo. Unapoa, unatoa jasho, presha inaanguka. Tumia wa kilo 15 au 38.

Hapa wengine wanaleta regulata ya presha kubwa, ile ya majiko ya wakaanga chipsi. Naomba msifanye hivyo. Hita hizi zimetengenezwa kwa presha ndogo, nyingi zimeandikwa 2800 Pa. Regulata ya presha kubwa inaweza kusukuma mara nyingi ya kiasi hicho, ikapasua valvu au kutoa moto nje ya kasha. Soma pia kibandiko cha hita yenyewe. Iliyotengenezwa kwa gesi asilia, ile ya kusafirishwa kwa mabomba, ina matundu ya gesi makubwa kuliko yanayofaa kwa mitungi, na hapa Tanga tunatumia mitungi.

Moto ukishika kisha ukazimika baada ya sekunde chache, tazama ile ncha ya chuma. Imepata masizi, imepinda ikatoka kwenye moto, au waya wake umelegea. Isugue taratibu kwa msasa laini. Nyumba zinazotazama bahari zina sababu nyingine, upepo wa kusi unaoingia kwenye bomba la moshi. Kofia ya bomba ikigeuzwa au kukingwa vizuri, inatosha.

Valvu ya gesi usiifungue mwenyewe. Viungio vyote vipimwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Na gesi hii ni nzito kuliko hewa: ikivuja inatambaa chini na kujikusanya sakafuni, kwa hiyo ukisikia harufu funga mtungi, fungua milango, usiguse swichi ya taa.

Jambo moja silijadili na mteja yeyote. Hita iliyofungwa ndani ya bafu siiwashi, hata kama ubovu wake ni mawe tu. Moto ukikosa hewa ya kutosha unageuka wa njano na kutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na mtu anayeoga mlango umefungwa anaishiwa nguvu kabla hajajua kinachomtokea. Kwanza naihamishia ukuta wa nje, penye kivuli cha mvua na hewa inayopita, kwa mita chache za bomba na tundu moja ukutani. Baada ya hapo ndipo nafungua maji na kuanza kusikiliza.