Moshi wa bandari hauishii Kilindini

Kontena likishateremshwa Kilindini, bandari ya Mombasa, hesabu ya moshi wake bado haijafungwa. Mzigo mwingi wa Uganda na nchi za mbele yake hupita huku kwetu magharibi. Mwingine unapanda lori kupitia Kisian, Luanda na Ugunja hadi Busia, mwingine unaletwa na reli hadi bandari ya Kisumu na kuvushwa ziwa.

Hewa ukaa ya bandari hugawanywa mafungu matatu. La kwanza ni mafuta yanayochomwa na mitambo ya bandari yenyewe. La pili ni umeme inaonunua. La tatu ni moshi wa wanaokuja kwa ajili yake: meli, malori, treni. Katika bandari nyingi hili la tatu ndilo kubwa zaidi, na ndilo hutajwa kwa sauti ya chini. Kwa hiyo ukisikia bandari imefunga sola na kupanda mikoko, ipongeze, halafu uliza: na meli je? Na malori?

Meli ikifunga gati huzima injini kubwa, lakini jenereta zake haziachi kunguruma. Kontena za baridi lazima zipoe, taa ziwake, pampu zifanye kazi. Meli inayotumia megawati 1 usiku na mchana hutoa hewa ukaa ya takriban tani 16 kwa siku. Dawa yake ni kuipa umeme wa nchi kavu. Hapa Kenya ina bahati, maana karibu asilimia 90 ya umeme wetu hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, na mvuke wenyewe unachimbwa Olkaria, kaunti ya Nakuru. Nchi inayochoma makaa ya mawe ingehamisha tu moshi kutoka gatini hadi kwenye bomba la kituo cha umeme.

Sera ya bandari ya kijani ya Mamlaka ya Bandari Kenya (KPA) imeuweka umeme huu wa nchi kavu katika mipango ya Mombasa. Lakini si sawa na kuchomeka pasi ukutani. Umeme wetu ni wa hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), na meli nyingi za kontena hutumia hezi 60, hivyo unahitajika mtambo wa kubadilisha, nao ni ghali. Meli nayo iwe imefungiwa vifaa vya kuupokea.

(Tangu Januari 1, 2020, salfa katika mafuta ya meli haipaswi kuzidi asilimia 0.5. Hiyo ni nafuu kubwa kwa mapafu ya watu wa pwani, ila haipunguzi hewa ukaa. Mambo haya mawili huchanganywa sana, hata jukwaani.)

Turudi barabarani. Lita 1 ya dizeli ikiungua hutoa hewa ukaa ya kilo 2.7 hivi. Kutoka Mombasa hadi Kisumu ni zaidi ya kilomita 800. Lori lililoshiba mzigo hunywa lita 300 hivi, yaani kilo 800 za hewa ukaa, kabla halijarudi, mara nyingi likiwa tupu. Treni, hata hii yetu ya dizeli, hutumia sehemu ndogo tu ya mafuta hayo kwa kila tani. Ndiyo maana kurejea kwa meli ya MV Uhuru mwaka 2019, ikivusha mabehewa kutoka Kisumu hadi Port Bell, Uganda, ni habari ya tabianchi pia. Isipokuwa gugumaji likifunga Ghuba ya Winam: hapo injini hula mafuta na chombo hakisongi.

Kisha kuna foleni. Lori lililosimama Busia au Malaba injini ikiwaka huchoma lita mbili tatu kwa saa bila kwenda popote. Kituo cha pamoja cha Busia, ambapo maafisa wa Kenya na Uganda hukagua mzigo mahali pamoja, kilijengwa kwa ajili ya biashara. Kwa maoni yangu kimesaidia hewa kuliko miche mingi inayopandwa mbele ya kamera.

Ripoti za tathmini ya athari kwa mazingira hutangazwa na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ili umma utoe maoni kabla ya mradi kupewa leseni. Ikitangazwa ya gati au barabara ya Kisumu, anzeni kwa kutafuta ukurasa unaohusu malori. Ukikosekana, andikeni barua kabla muda wa maoni haujaisha.