Riwaya, Tawasifu na Mpaka Ulio Kati Yao: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Riwaya ni uongo, kwa hiyo haitufunzi kitu kuhusu historia.
Mgomo wa makuli wa bandari ya Unguja ulitokea kweli mwaka 1948. Adam Shafi, katika riwaya yake ya *Kuli* iliyochapishwa mwaka 1979, alimbuni mhusika wake mkuu, Rashidi, lakini mgomo hakuubuni. Tena mwongo huficha kwamba anazua, ilhali mtunzi hutangaza tangu jaladani na msomaji akaridhia, kama watoto wanavyoitikia "Pakawa" waambiwapo "Paukwa".

Dhana: Tawasifu, yaani maisha ya mtu aliyoyaandika mwenyewe, ni ukweli mtupu, neno kwa neno.
Hii ndiyo inayopotosha zaidi. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Unguja, aliondoka Unguja mwaka 1866, na kumbukumbu zake, alizoziandika kwa Kijerumani, zikachapishwa mwaka 1886 kwa jina lake jipya, Emily Ruete. Humo anaueleza ua wa kasri la Mtoni, alikokulia, ukiwa na tausi na paa waliotembea watakavyo. Magofu ya Mtoni yangalipo, kwa hiyo nyumba haina shaka. Lakini hakuna gofu liwezalo kuthibitisha maneno aliyoyasikia akiwa mtoto na kuyaandika ukubwani, ughaibuni, kwa lugha nyingine na kwa wasomaji wasioijua nchi yake. Kuchagua aanzie wapi, amtaje nani na lipi alinyamazie ni ufundi ule ule wa mtunzi wa riwaya. Hilo halimfanyi mzushi hata kidogo, ila linatutaka tutenganishe yale yanayoweza kupimwa kwa ushahidi mwingine na yale ambayo shahidi wake ni yeye peke yake.

Dhana: Kila mhusika ni mtu fulani tunayemjua.
Visiwani kwetu, ambako watu wanajuana, mchezo huu unapendwa mno. Tangu Abdulrazak Gurnah, mwandishi wa riwaya mzaliwa wa Zanzibar, atunukiwe Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, wapo wanaomwona yeye mwenyewe katika kila mhusika aliyehama kwao. Usomaji huo unamdhulumu, kwani unaifuta kazi yake ya kubuni.

Dhana: Kwa kuwa mpaka umefifia, basi haupo.
Upo, nao umo katika ahadi anayopewa msomaji. Mwenye riwaya anaruhusiwa kumtia mtu maneno kinywani. Mwenye kuandika maisha ya kweli, yawe yake (tawasifu) au ya mwingine (wasifu), haruhusiwi kuzua tukio, hata likipendeza vipi, na anapoyakisia mazungumzo ambayo hakuyasikia, inampasa aseme wazi kwamba anakisia.