Je, wajua kwa nini watakatifu wa mbao wa Ulaya ya kale wamebaki kahawia?

Ukizunguka makumbusho ya Ulaya, au ukifungua kitabu cha picha za sanaa ya huko, utakutana nao: Bikira Maria ameketi na mwanawe mapajani, Yesu msalabani, mtume ameshika kitabu. Wengi ni mbao tupu, na mistari ya mti inaonekana shavuni. Kwa miaka mingi nilijieleza kwamba mchongaji wa Zama za Kati aliipenda mbao yake, akaiacha iseme yenyewe. Mfano niliokuwa nao karibu ni mpingo wa Wamakonde, ambao thamani yake imo katika weusi wa mti na mng'ao wa kusuguliwa. Nani angepaka mpingo rangi?

Nilikosea. Sanamu za mbao za Zama za Kati, isipokuwa chache sana, zilifika kanisani zikiwa zimepakwa rangi tangu utosini hadi kidole cha mguu. Midomo ilikuwa myekundu, mashavu yana damu, majoho ya dhahabu yana bitana ya buluu, na Yesu anavuja matone yanayong'aa. Tunachokiona leo, mara nyingi, ni mwili uliovuliwa nguo.

Hata mfano wangu wa Wamakonde ulikuwa nusu ya habari. Vinyago vya mpingo vya kuuzia wageni ni jambo la karne ya 20. Barakoa za ngoma ya mapiko, zinazovaliwa kichwani wakati wa sherehe za jando na unyago, hupakwa rangi na kubandikwa nywele halisi za binadamu. Huko Burgos, Hispania, kuna Yesu msalabani wa karne ya 14 aliyefunikwa ngozi ya mnyama, mwenye nywele halisi na viungo vinavyokunjika. Sisemi kwamba hawa walijifunza kwa wale. Nasema tu kwamba fundi anayetaka sanamu iwe mbele ya watu kama kiumbe hai hatosheki na patasi.

Ushahidi wa fedha ndio ulionishinda kabisa. Kati ya 1490 na 1492 Tilman Riemenschneider, mchongaji mashuhuri wa Würzburg, aliuchongea mji wa Münnerstadt, Ujerumani, altare, yaani kundi kubwa la sanamu linalosimama nyuma ya meza ya ibada, kwa mbao laini ya mti wanaouita linde. Akalipwa guldeni 145, sarafu za dhahabu za wakati huo. Sanamu zikasimama bila rangi kwa zaidi ya miaka kumi. Kisha, mwaka 1504, mji ukamwajiri Veit Stoss azipake rangi na dhahabu, pamoja na kuchora picha kwenye milango ya altare, na yeye akalipwa guldeni 220. Aliyepaka alipata zaidi ya aliyechonga. (Stoss naye alikuwa mchongaji mkubwa, aliyetengeneza altare ya Bikira Maria huko Kraków. Alifika Münnerstadt akikimbia Nuremberg, alikochomwa chuma cha moto mashavuni kwa kughushi hati ya deni.)

Sehemu ya gharama hiyo ni dhahabu yenyewe, lakini heshima ya kazi ilikuwepo pia. Jan van Eyck, ambaye leo tunamjua kwa michoro yake tu, alilipwa mwaka 1435 kwa kupaka rangi na dhahabu sanamu sita za jengo la halmashauri ya mji wa Bruges. Hizo zilikuwa za mawe, lakini kazi ni ileile. Huko Antwerp chama cha mafundi kilipiga mhuri mara mbili: mkono uliochomwa kwenye mbao kuthibitisha ubora wa mti na uchongaji, kisha ngome na mikono baada ya rangi kukamilika. Brussels nao waligonga nyundo ya mbao kwenye uchongaji, na jina la mji ndani ya dhahabu. Sanamu iliyokosa mhuri wa pili ilikuwa kazi ambayo haijaisha.

Basi rangi ilikaaje juu ya mbao kwa miaka mia tano?

Haikupakwa juu ya mbao. Fikiria nyumba ya fito na udongo. Mtu hapaki chokaa juu ya fito: kwanza hukandika, husawazisha, hungoja ikauke, ndipo hupaka. Mbao nayo ina vinyweleo vinavyonyonya, ina vifundo, na hujikunja na kutanuka kila hewa inapobadilika. Ndiyo maana sanamu nyingi zilichimbwa mgongoni zikabaki kama mtumbwi, ili mti usipasuke unapokauka. Fundi wa rangi aliinywesha mbao gundi ya ngozi za wanyama, akabandika vipande vya kitani kwenye viungio na vifundo kama bendeji, kisha akaanza kupaka uji mweupe wa gundi na unga: chaki kwa mafundi wa kaskazini, jasi kwa wa Italia na Hispania. Alipaka tabaka baada ya tabaka, akisugua kati yake, hadi alama za patasi zikazama na uso ukawa laini kama ganda la yai. Katika tabaka hilo jeupe fundi wa rangi aliweza kuchonga upya kope, unywele, ukingo wa kilemba. Uso unaotuvutia leo huenda ulimaliziwa na mtu ambaye hakuwahi kushika nyundo.

Penye dhahabu ndipo ufundi ulipofika kileleni. Dhahabu haikuyeyushwa wala kusagwa. Sarafu ilitwangwa hadi ikawa vipande vyembamba ambavyo pumzi huvipeperusha. Cennino Cennini, mchoraji wa Toscana aliyeandika mwongozo wa kazi hii karibu mwaka 1400, alilalamika kwamba watwanzi hutoa vipande 145 katika sarafu moja ya dukati, ilhali wasingepaswa kuzidi 100. Kipande chembamba hivyo, ukikibandika juu ya chaki, kinakuwa njano tu, bila uhai.

Siri iko katika udongo ulio chini yake. Aliyewahi kumtazama mfinyanzi akimaliza chungu atanielewa haraka. Chungu kikishakauka nusu, mama huchukua kijiwe laini cha mtoni na kukisugua taratibu, na udongo uliokuwa butu unaanza kung'aa bila kupakwa kitu. Chembe za udongo ni bapa kama magamba ya samaki. Zikiwa ovyo hutawanya mwanga kila upande, zikilazwa pamoja huurudisha kama kioo. Akisugua mapema mno udongo unararuka, akichelewa kijiwe kinakwaruza. Fundi wa dhahabu alifanya vivyo hivyo. Juu ya chaki alipaka udongo mwekundu, laini sana, uliochanganywa na ute wa yai. Aliulowesha, akalaza dhahabu, akangoja unyevu ufikie kiasi anachokijua yeye, kisha akasugua kwa jiwe la akiki au kwa jino. Cennini anataja jino la mbwa, la simba, la mbwa mwitu, la paka, mradi mnyama awe mla nyama. Mkono haukuwa unaisugua dhahabu pekee. Ulikuwa unaulaza udongo ulio chini yake, na dhahabu, kwa wembamba wake, inafuata umbo la kilicho chini. Wekundu wa udongo nao unapenya kidogo na kuipa dhahabu joto. Matokeo yake ni joho linaloonekana kama chuma kizima, na ukipita mbele yake na mshumaa, mikunjo huwaka na kuzima.

Ngozi ya mwili ilipakwa tofauti, kwa rangi nyeupe ya risasi na nyekundu ya zebaki na kiberiti, ndani ya mafuta, ili mwanga wake utofautiane na wa dhahabu. Buluu ilitoka katika madini ya shaba, au, kwa wenye uwezo, katika jiwe la lapisi lazuli lililosafiri kutoka Badakhshan, Afghanistan. Kaskazini mwa Alps walifika hata kuiga hariri. Bati jembamba liligandamizwa kwenye kibao chenye nakshi, likajazwa nta nyuma, likapakwa dhahabu na kubandikwa kwenye nguo ya mtakatifu kama kitambaa cha kufumwa.

Lakini tusijidanganye kwamba sanamu yenye rangi leo inatuonyesha rangi ya kwanza. Kijani cha shaba hugeuka kahawia, fedha hupiga weusi, na waumini walipaka upya kila sanamu ilipochakaa. Wahifadhi huchukua chembe ndogo kuliko kichwa cha pini, huikata na kuitazama kwa hadubini, na humo husoma tabaka moja baada ya jingine, pamoja na vumbi lililokaa kati yake. Tena si kila mbao tupu ilivuliwa. Altare ya Damu Takatifu huko Rothenburg, kazi ya Riemenschneider ya 1501 hadi 1505, ilikusudiwa hivyo tangu mwanzo, na katika sanamu zake za aina hiyo mboni na midomo tu ndiyo iliyotiwa rangi. Kwa nini aliacha desturi, wataalamu wanabishana: wengine husema ni gharama, wengine ladha mpya. Mimi naegemea ladha, kwa sababu alichonga nakshi ndogondogo kwenye pindo za nguo ambazo chaki ingezizika.

Nyingine zilizo mbao tupu zilivuliwa na watu. Katika karne ya 19 wanunuzi waliofundishwa kupenda marumaru nyeupe ya Wagiriki (ambayo nayo ilikuwa na rangi zamani) waliona rangi kama uchafu juu ya sanaa. Sanamu zikaoshwa kwa magadi makali, zikakwanguliwa. Rangi ya Stoss huko Münnerstadt nayo imetoweka.

Kuna mahali rangi ilipata watetezi. Bikira Maria wa Einsiedeln, Uswisi, sanamu ya mbao ya karne ya 15, alifichwa Austria mwaka 1798 jeshi la Ufaransa lilipoingia. Mwaka uliofuata fundi Johann Adam Fuetscher alimsafisha, akagundua kwamba uso ulikuwa na rangi ya kawaida ya ngozi, na weusi ulitokana na moshi wa taa na mishumaa. Lakini waumini walimjua mweusi, wazazi wao walimjua mweusi, wakamtaka vilevile. Fuetscher akachukua brashi, akampaka uso na mikono rangi nyeusi, na mwaka 1803 akarudishwa nyumbani hivyo.