Kipindupindu Kikitangazwa Nairobi: Jua Kinapopitia

Wizara ya Afya ikitangaza kipindupindu jijini, swali la kwanza la kujiuliza ni hili: ugonjwa huu humpataje mtu? Kipindupindu huingia kwa mdomo. Mtu hukipata kwa kunywa maji au kula chakula kilichochafuliwa na kinyesi au matapishi ya aliyeambukizwa. Hakisambai kwa pumzi kama corona, wala hukipati kwa kuketi karibu na mgonjwa kwenye matatu. Mpox (homa ya nyani), iliyothibitishwa nchini mwaka 2024, hupitia zaidi kugusana ngozi kwa ngozi. Kila ugonjwa una njia yake, na kinga ya mmoja huenda isifae kitu kwa mwingine. Anayevaa barakoa kwa hofu ya kipindupindu, kisha akanunua smoki yenye kachumbari iliyooshwa kwa maji yasiyojulikana yalikotoka, ameacha mlango wazi na kufunga dirisha.

Wengi hudhani huu ni ugonjwa wa mitaa ya mabanda. Mwaka 2017 uliwapata watu waliokula kwenye makongamano katika hoteli za jijini. Mlipuko wa Oktoba 2022 ulihusishwa na harusi iliyofanyika Limuru. Popote penye chakula kilichopikwa kwa ajili ya wengi na mikono isiyonawa, unaweza kuanza. Tofauti ni kwamba mwenye kisima, tangi na choo chake ana nafasi kubwa ya kujikinga kuliko anayenunua maji kwa mtungi, na kwa hiyo ni maji tunayotaka kuyazungumzia kwa kirefu.

Maji ya Nairobi hutoka kwa mgao. Siku bomba likikauka, msukumo ndani ya mabomba hupotea. Penye mabomba ya plastiki yaliyopitishwa ndani ya mitaro ya majitaka, kama ilivyo katika mitaa mingi, ufa mdogo tu huvuta uchafu kuingia ndani. Maji yakirudi, yale ya kwanza ndiyo mabaya zaidi, na ndiyo ambayo watu huyakimbilia kwa kuwa wamekaa kiu. Yaache yale ya mwanzo yatumike kuoshea choo. Ya kunywa yakinge baadaye, kisha uyatibu hata kama yanang'aa, kwa sababu vijidudu vya kipindupindu havionekani kwa macho wala havibadilishi ladha.

Njia ya hakika ni kuchemsha. Maji yakishatokota kwa nguvu, yaache yaendelee hivyo dakika 1 nzima. Walio juu ya mita 2,000, kama Limuru, wangoje dakika 3, kwa sababu huko maji hutokota yakiwa na joto pungufu. Hakuna haja ya kuyachemsha nusu saa na kumaliza gesi au makaa.

Kama mafuta ni ghali, tumia klorini ya maji ya kunywa. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au pakiti, maana nguvu ya dawa hutofautiana kutoka kampuni moja hadi nyingine. Tikisa mtungi, funga, ngoja dakika 30. Ukifungua, unapaswa kusikia harufu hafifu ya klorini. Usipoisikia kabisa, dawa imeliwa na uchafu: rudia kipimo na ungoje tena dakika 30. Hapa ndipo wengi hukosea. Wanatia dawa kwenye maji ya matope, klorini inamalizika kwenye tope kabla ya kuvifikia vijidudu. Maji ya rangi yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, ndipo utie dawa. Kosa la pili huja baadaye: maji yaliyotibiwa vizuri yanachotwa kwa kikombe kilichoshikwa na kila mkono wa nyumba. Yaweke kwenye mtungi wenye mdomo mwembamba au ndoo yenye mfereji, na uyamimine.

Mikono inawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, angalau sekunde 20, baada ya choo, baada ya kumtawaza mtoto, kabla ya kupika na kabla ya kula. Chakula kiliwe kikiwa moto. Matunda menya mwenyewe. Mama mboga hana kosa. Sukuma wiki iliyooshwa kwa maji safi na kupikwa vizuri haina hatari.

Sasa, mtu akianza kuhara. Wengi wanaoambukizwa hawaugui kabisa au huugua kidogo. Lakini anayeshikwa vikali huharisha maji meupe kama yaliyooshea mchele, bila maumivu makali ya tumbo, na anaweza kupoteza hadi lita 1 kwa saa. Kinachomuua ni kukaukiwa na maji na chumvi, na kinaweza kumuua kwa saa chache tu. Hii ndiyo sababu tunasisitiza: dakika ileile ya kuhara kwa kwanza, anza kumnywesha. Usingoje kuona kama kutakoma.

Pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, ndiyo bora. Soma kwanza imeandikwa ya maji kiasi gani, kwa kuwa ziko za nusu lita na za lita 1. Pima kwa chupa ya soda ya nusu lita au ya maji ya lita 1 iliyooshwa, usikisie kwa kikombe. Maji yakipungua, chumvi inazidi na inaweza kumdhuru mtoto mdogo. Yakizidi, dawa inakuwa hafifu. Usigawe pakiti nusu ili uweke akiba. Ukikosa pakiti, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa mgongo wa kisu. Onja: yakiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga uanze upya. Mchanganyiko wa pakiti utupwe baada ya saa 24, na huu wa nyumbani usivuke saa 12.

Kila baada ya kuhara, mtoto wa chini ya miaka 2 anywe mililita 50 hadi 100, wa miaka 2 hadi 10 anywe 100 hadi 200, mtu mzima anywe kadiri awezavyo. Akitapika, ngoja dakika 10 kisha endelea kwa kijiko, pole pole. Anayenyonya aendelee kunyonya. Soda na vinywaji vya nguvu havifai: sukari yake nyingi huvuta maji kuingia utumboni na kuhara kunazidi.

Ukiwa na mgonjwa wa aina hii katika kipindi cha mlipuko, mpeleke kituo cha afya bila kuchelewa, huku akiendelea kunywa njiani. Dalili za hatari ni macho yaliyozama, mkojo uliokatika, ulegevu, mtoto anayelia bila machozi au utosi uliobonyea, na ngozi ya tumbo inayorudi polepole ukiifinya. Akitibiwa kwa wakati, uwezekano wa kufa huwa chini ya asilimia 1. Bila matibabu, katika wale wanaougua vikali, hata nusu wanaweza kufa. Tunauma meno kila tunapofikiria pengo hilo, kwa sababu sehemu kubwa yake hujazwa na maji, chumvi na sukari.

Katikati ya nyumbani na hospitalini kuna chemisti. Dawa za kufunga tumbo usimpe. Hazirudishi maji yaliyopotea, na kwa watoto zina hatari. Antibaiotiki ni kwa wagonjwa wa hali mbaya, kwa uamuzi wa daktari. Kuzinywa kabla ya kuugua hakushauriwi, na kunavizoesha vijidudu dawa.

Kuhusu habari za simu: mwaka 2020 watu walihimizana kunywa chai ya rangi ili kukinga corona, na ujumbe ukaenea haraka. Ukipokea ujumbe wa namna hiyo, tazama kama unataja mahali, tarehe na chanzo kinachoweza kupigiwa simu. Takwimu nazo zisome kwa uangalifu. "Visa 500" ni jumla tangu mlipuko uanze au ni vipya vya leo? Ni washukiwa au waliothibitishwa na maabara? Tena kutoka kuambukizwa hadi kuugua ni saa chache hadi siku 5, hivyo hata mtaa ukitibu maji yake leo, idadi inaweza kuendelea kupanda siku kadhaa kabla ya kushuka. Kuangalia habari asubuhi na jioni kunatosha.

Usikimbilie ushago. Anayeondoka bila dalili anaweza kuwa anabeba vijidudu tumboni, na kijijini huenda kituo cha afya kiko mbali. Wala usimfukuze jirani mgonjwa kwenye ploti: akijificha, choo cha pamoja ndicho kitakachoteseka. Msaidie afike hospitalini, kisha safisha. Vaa glavu au mfuko wa plastiki mikononi, funika matapishi au kinyesi kwa karatasi au matambara, mwagia jiki ya asilimia 3.5 iliyochanganywa kipimo 1 kwa vipimo 6 vya maji, ngoja dakika 10 ndipo ufute. Tengeneza mchanganyiko huo upya kila siku, na kamwe usiuchanganye na dawa ya choo yenye asidi, kwa kuwa hutoa hewa yenye sumu. Ukiona wagonjwa zaidi ya mmoja kwenye ploti moja, piga simu 719 ya Wizara ya Afya au umwambie mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako siku hiyohiyo.