Kabla hujamuuliza mzee wa Kagera

Swali langu la kwanza kwa mpiganaji wa Vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, lilikuwa la kijinga, na ninalikumbuka neno kwa neno: "Mzee, kwa nini brigedi yenu ilikimbia Lukaya?" Nilikuwa nimesoma vitabu viwili vitatu, nikajiona nimeiva. Mzee alinitazama kidogo, akamwita mjukuu wake alete chai, na kuanzia hapo tukazungumzia bei ya kahawa mpaka nikaaga.

Kosa lilikuwa kwenye neno moja, "ilikimbia". Kilichotokea Lukaya, huko Uganda, hakifichwi. Tarehe 10 Machi 1979 majeshi ya Idi Amin, yakisaidiwa na askari wa Libya, yaliishambulia Brigedi ya 201 ya Tanzania iliyokuwa kwenye barabara inayokatiza kinamasi, njia ya kuelekea Kampala. Wengi katika brigedi ile walikuwa mgambo, hawajazoea moto. Wakarudi nyuma. Usiku Brigedi ya 208 ikazunguka hadi ikaikamata barabara nyuma ya adui, na alfajiri ya tarehe 11 Walibya wakajikuta wamebanwa huku na huku. Mzee wangu alikuwemo katika yote hayo, kurudi nyuma na kusonga mbele. Mimi nikachagua nusu saa moja ya maisha yake, nikaipa jina la aibu, kisha nikamwomba anieleze.

Baadaye nilimuuliza mwingine wa brigedi hiyohiyo: "Usiku ule gizani, mlijuaje huyu ni mwenzetu na yule ni adui?" Alianza na matope. Akaenda kwenye buti lililonasa, sauti zilizokuwa zikiitana kwa Kiswahili, kiu, na hofu ya kuwasha hata kiberiti. Kurudi nyuma alikutaja mwenyewe, bila kulazimishwa, kwa sababu bila hilo hadithi isingekamilika. Tulimaliza jua linazama.

Tangu hapo naamini swali zuri kwa mwanajeshi ni dogo. "Vita vilikuwaje?" halijibiki, hata jenerali hawezi. Muulize alikula nini siku ya kwanza ng'ambo ya mto Kagera, nani alibeba redio, mvua iliwakuta wapi. Mtu wa kombania aliona kile kilichokuwa mbele ya kombania yake, na hicho ndicho anachokijua kuliko mwanahistoria yeyote. Ukimtaka akueleze mkakati wa vita nzima, atakurudishia yale aliyoyasikia redioni kama wewe. Na "uliua wangapi?" sitaki hata kulijadili.

Kazi ya nyumbani, yaani kusoma kabla ya kuuliza, inaonekana mapema, mara nyingi kabla hujamaliza sentensi. Vijana wengi huniandikia wakiomba niwaulizie wazee kuhusu "AK-47". Mzee wa JWTZ atakuelewa, lakini yeye anasema SMG, na atajua umetokea kwenye sinema. Mizinga ya roketi ya BM-21, yenye mirija 40, Waganda waliipa jina la Sabasaba, na jina hilo likarudi nyumbani na askari. Jua kwamba brigedi, batalioni, kombania na platuni si visawe. Jua pia kwamba Masaka ilichukuliwa Februari na Kampala Aprili 11, usije ukamuuliza mtu jinsi alivyotoka Kampala kwenda kuiteka Masaka. Nimeshuhudia hilo likiulizwa. Mzee alicheka, nashukuru.

Heshima nayo ina mpangilio wake. Kwa aliyestaafu naanza na shikamoo, kwa sababu umri hauvuliwi pamoja na sare, kisha cheo chake kamili: Luteni Kanali si Kanali, na anayekipunguza cheo cha mtu kwa uvivu hatasamehewa upesi. Kama sijui cheo, nasema "afande". Neno lenyewe lina safari ndefu: lilitoka kwa Waturuki, efendi, likaingia King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na miaka ya mwisho ya ukoloni Waingereza walilifanya cheo cha juu ambacho Mwafrika angeweza kupewa. Idi Amin alikipata mwaka 1959. Ukilisema mbele ya mzee aliyevuka mto Kagera kumfuata huyohuyo Amin, ujue umebeba nini mdomoni.

Hayo ni ya wastaafu. Kwa walio kazini ninabadilika kabisa, na hapa ndipo ninapogombana na wenzangu wa mitandaoni.

Nikiwa na ndugu aliyeko operesheni, simuulizi yuko wapi, wako wangapi, wanarudi lini. Si kwamba kila jibu ni siri. Tatizo ni kwamba majibu hujumlishwa. Mwishoni mwa 2017 kampuni ya Strava, inayorekodi mazoezi ya watu kwa simu na saa za mkononi, ilitoa ramani ya dunia ya mahali watu wanapokimbia kwa mazoezi. Januari 2018 watu wakagundua kwamba huko Syria na Afghanistan, mahali pasipo mji, kuna mistari inayong'aa ikizunguka kambi za kijeshi. Hakuna askari aliyetoa siri. Kila mmoja alikimbia tu asubuhi na saa mkononi. Maswali yetu ya "salama tu, mko wapi siku hizi?" hufanya kazi ileile ya ramani.

Hatari zaidi ni ubishi. Mwaka 2021 wachezaji wa War Thunder, mchezo wa kompyuta wa vita vya vifaru, walibishana kuhusu kifaru cha Uingereza, Challenger 2, mpaka mmoja akabandika kurasa za kitabu chake cha kiufundi ili awanyamazishe wenzake. Alitaka tu kushinda. Ndiyo maana swali linaloanza na "huwezi kuniambia eti..." silipendi hata likiulizwa na mtu mwema. Askari ana fahari ya kazi yake, na fahari ikichokozwa hujibu kabla ya akili.

Kuna lingine linalonikera mpaka leo. Desemba 2017 kambi ya walinda amani wetu huko Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa, na Watanzania zaidi ya kumi wakauawa. Simu yangu ilijaa: nani? Majina tafadhali. Picha zipo? Waulizaji walikuwa watu wazima, baadhi yao wasomi. Kuna mama mahali fulani ambaye hajapigiwa simu bado, na wewe unataka jina la mwanawe lipite kwenye vikundi kumi vya WhatsApp kabla ya ofisa kubisha hodi kwake. Siku ile sikumjibu mtu.

Ukiniuliza nifanyeje nikitaka kumwandikia mwanajeshi nisiyemjua, nitakwambia jinsi ninavyofanya mimi: najitambulisha, nasema nani amenipa namba, nataja ninachokijua tayari ili asianze na mwanzo wa dunia, kisha nauliza jambo moja. Moja tu. Namwambia pia jibu lake litaishia wapi, kitabuni au kwangu, na kwamba akikaa kimya nitaelewa. Ukimya wa askari ni jibu kamili, anayetuma "???" baada ya saa mbili afute namba hiyo.

Mwezi uliopita nilimtumia mzee mmoja ujumbe wa sauti: mlivukaje mto baada ya daraja la Kyaka kulipuliwa? Siku kumi na moja, kimya. Ya kumi na mbili akanijibu, kuku wakisikika nyuma yake: "Kijana, tulivuka zaidi ya mara moja. Taja siku."

Bado natafuta tarehe.