Kipindi cha Sanaa na Michezo kina mwenyewe

Asubuhi, kabla ya paredi, watoto wa shule yetu wanakimbia mchakamchaka kuzunguka uwanja. Kiongozi anatangulia kuimba, wenzake wanaitikia, na mguu wa kushoto unatua pale pale pigo zito la wimbo linapoangukia. Hakuna aliyewakalisha chini kuwafundisha kuhesabu mapigo. Mimi husimama pembeni na filimbi shingoni nikiwatazama, na ndani ya dakika kumi naona muziki, michezo na lugha vikienda pamoja. Kisha kengele inalia, tunaingia darasani, na mara nyingi vyote vitatu vinabaki nje.

Ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kanda ya Ziwa, Tanzania, na mchepuo niliosomea chuoni ni sanaa na michezo. Mwaka huu ni wa 14 kazini. Wazazi huniuliza, tena kwa heshima kabisa: "Mwalimu, hivi kuimba na kukimbia navyo vinahitaji mwalimu wa kusomea?" Nawajibu hapa kwa urefu, maana getini sipati nafasi.

Kwenye karatasi tumesogea. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeifanya Sanaa na Michezo kuwa somo linalojitegemea kuanzia darasa la tatu. Kiingereza kinaanza darasa la kwanza, na shule yenye mwalimu inaweza kufundisha Kifaransa, Kiarabu au Kichina kama somo la kuchagua. Sisi wa zamani tulikuwa na Haiba na Michezo, tulikuwa na Stadi za Kazi. Majina yamebadilika, lakini tatizo nililolikuta siku ya kwanza kazini bado naliona. Katika shule niliyoanzia, kipindi changu kilikuwa kimeandikwa vizuri kwenye ratiba ukutani, ila kila ilipofika wiki ya pili ya muhula kilikuwa kimeshakopwa na Hisabati. Na deni hilo halikulipwa. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hauna karatasi ya kuimba, kuchora wala kukimbia, kwa hiyo nilipodai kipindi changu nilionekana nawanyima watoto ufaulu. Iliniuma, na bado inaniuma ninapowasikia walimu wenzangu wakisimulia yale yale.

Nianze na kuimba, maana ndiko makosa yanakofanyika bila mtu kujua kuwa ni makosa. Mwalimu wa kiume anaanzisha wimbo kwa sauti inayomfaa yeye. Sauti ya mwanaume mzima iko chini ya ile ya mtoto kwa takriban oktava nzima, yaani kutoka do moja hadi do inayofuata. Mtoto akijaribu kumfuata kule chini, ananguruma. Akiruka kwenda juu, anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Mwalimu anasikia vurugu, anasema, "Hawa hawajui kuimba, imbeni kwa nguvu!" Wakiongeza nguvu, inaharibika zaidi. Mtoto wa miaka minane huimba kwa raha kuanzia re iliyo juu kidogo ya do ya katikati ya kinanda, hadi re inayofuata. Kwa hiyo dawa ni kuanzisha wimbo ndani ya eneo hilo. Mimi hutumia sauti ya kichwani, ile nyembamba ambayo wanaume wengi wanaionea haya, au namwomba binti mmoja wa darasa la tano aanzishe. Sauti zikishakaa mahali pake, darasa lililokuwa linapiga kelele linaimba, na mabadiliko yenyewe yanaonekana ndani ya kipindi kimoja.

Jambo la pili nililisikia kwanza bila kulielewa. Nafundisha kwa toniki solfa, zile do re mi tunazozijua kwenye kwaya za kanisani. Ni mfumo alioueneza mchungaji Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, na wamisionari wakaufikisha kwetu. Watoto wangu wanapanda vizuri do, re, mi. Wakifika fa wanateleza, inakuwa juu kuliko inavyotakiwa. So na la hawana shida, ti inayumba tena. Kila mwaka sehemu ni zile zile mbili. Sasa tazama ngazi yenyewe ya sauti: kati ya mi na fa, na kati ya ti na do, kuna nusu toni, kwingine kote ni toni nzima. Nyimbo nyingi za ngoma ambazo watoto hawa wamezisikia tangu wamebebwa mgongoni zinatembea kwa sauti tano, hazina hatua hizo fupi. Sikio la mtoto halina kasoro yoyote. Limelelewa kwenye ngazi nyingine, na linajua ngazi hiyo vizuri sana. Tangu nilipolielewa hilo naanza na nyimbo za sauti tano, watoto wanaimba kwa kujiamini, halafu fa na ti naziingiza mmoja mmoja kama wageni wanaotambulishwa. Mwalimu asiyesomea muziki ataishia kusema watoto wanakosea. Mtu wa somo anajua wanakosea wapi, na wametoka wapi kabla ya kufika hapo.

Uwanjani mambo ni hayo hayo. Chukua mbio za kupokezana kijiti. Mtoto anayepokea husimama wima, amegeuka nyuma kumtazama mwenzake, mkono ameunyoosha. Anayeleta anapunguza mwendo ili asimgonge. Wamesimama wawili, muda unakwenda, na wa shule ya jirani ameshapita. Kuwapigia filimbi hakusaidii. Kipindi cha kwanza tunatembea tu, mstari mmoja wa watoto wanne. Wa nyuma anasema "shika!", wa mbele anapeleka mkono nyuma bila kugeuza shingo, kiganja wazi, na kijiti kinawekwa. Kijiti chenyewe ni kipande cha bomba la maji cha sentimita 30. Kipindi cha pili tunafanya hivyo kwa kukimbia polepole. Cha tatu namwaga majivu chini: mwenzako akikanyaga mstari huu, wewe anza kukimbia, usimsubiri. Hapo ndipo pagumu, kwa sababu mtoto inabidi aanze kukimbia akiamini kwamba kijiti kinakuja. Mwaka jana mabinti zangu wanne, ambao hakuna hata mmoja wao aliyeshinda mita 100 kwenye mashindano ya kata, walishinda mbio za kijiti kwenye mashindano hayo hayo.

Mbio ndefu zina somo lake. Watoto wote huanza mita 800 kama wanakimbia mita 100, na kufika mzunguko wa pili nusu yao wanatembea. Huwa nawasimulia Filbert Bayi, kijana wa Karatu, ambaye Februari 1974 kule Christchurch, New Zealand, aliongoza mita 1500 tangu mlio wa bastola hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.16. Wanashangilia, halafu wanasema: "Mwalimu, si na yeye alianza kwa kasi?" Swali zuri. Bayi alikuwa anaujua mwendo wake. Basi tunautafuta wa kwao. Kila mmoja anazunguka uwanja mara mbili, na anayesifiwa ni yule ambaye mzunguko wa pili umechukua muda sawa na wa kwanza, hata kama ni wa mwisho kufika. Kuna watoto wazito ambao hawakuwahi kusifiwa uwanjani hata siku moja, wakasifiwa hapo.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Goli la netiboli ni nguzo na chuma kilichokunjwa duara. Kipimo cha wakubwa ni mita 3.05 kwenda juu, lakini kwa darasa la tatu nalishusha, la sivyo watoto hujifunza kurusha mpira kwa tumbo. Mipira ya chandimu watoto hutengeneza wenyewe. Zamani walikuwa wakijaza mifuko ya Rambo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 wamehamia kwenye soksi na nguo kuukuu zilizofungwa kamba, na mpira umekuwa mzito zaidi.

Kwenye kuchora ninamtegemea Edward Tingatinga. Alitoka kusini, Tunduru, akafika Dar es Salaam, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora wanyama kwenye vipande vya ubao wa bei nafuu kwa rangi za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972. Kwa mtoto, cha kujifunza ni mpangilio wa kazi: rangi ya nyuma kwanza, ikauke, halafu mnyama, halafu madoa na mistari. Mtoto akiachwa mwenyewe huanza na jicho la twiga. Rangi tunakoroga kwa mkaa, udongo mwekundu na manjano ya jikoni, gundi ni uji wa muhogo. Karatasi zikikauka zinanuka kidogo, tunavumilia.

Lugha sifundishi mimi, lakini nakaa meza moja na anayeifundisha, na amenifumbua macho. Mtoto akisema kwa Kiingereza kwamba mama yake ni "he", walimu wengi humsahihisha na kumsahihisha tena. Mwenzangu huyo anauliza kwanza: Kiswahili kinatenganisha wapi? Yeye ni yeye, awe baba au mama. Mtoto anatakiwa kuanza kutazama kitu ambacho lugha yake haijawahi kumtaka akitazame. Kwa hiyo anatoka nao uwanjani kwenye mchezo wangu wa netiboli ya mchanganyiko, na kila mpira unapohama, darasa zima linatamka "he" au "she" kabla haujadakwa. Wiki tatu, na kosa limepungua sana.

Ana jingine nalipenda. Mtoto anayeanza Kiarabu tayari ana sita, saba na tisa mdomoni, pamoja na ishirini mpaka tisini, maana Kiswahili kilizichukua huko. Moja hadi tano, nane na kumi ndizo zetu za Kibantu. Na anasema akipata mwalimu wa Kichina, wa kwanza kuelewa kupanda na kushuka kwa sauti watakuwa wale wanaozungumza Kisukuma nyumbani, kwa kuwa Kisukuma nacho hubadili maana kwa toni. Watoto hao hao ndio wanaoambiwa lugha ya nyumbani inawachelewesha.

Najua shule nyingi zina walimu saba kwa madarasa saba, na hakuna nafasi ya mtu wa muziki peke yake. Sisi tulipoona hatuletewi mwalimu, tulibadilishana. Mwalimu mwenye darasa la nne anajua Hisabati kuliko mimi, basi ananifundishia sehemu za desimali kwa darasa langu, na mimi naingia kwake kuimba. Mwalimu wa Kiingereza anachukua vipindi vya madarasa matatu, na aliowapunguzia mzigo wanamsahihishia madaftari ya Maarifa ya Jamii. Mwalimu mkuu alikubali kwa sharti moja, kwamba tuandike kwenye ratiba jina la mwalimu mbele ya kila kipindi, si jina la somo tu. Tangu hapo hakuna aliyekopa kipindi changu, kwa sababu anayetaka kukikopa inabidi aje aniombe mimi.

Jumatano tuna fa. Binti wa darasa la tano ndiye ataanzisha.