Bati linang'aa, bomba je?

Kuna hii imani kwenye majiko ya migahawa hapa Mtwara, kwamba lile bati la kuvuta moshi juu ya jiko likisuguliwa na vichujio vikaloweshwa maji ya moto na sabuni basi habari ya moto imeisha. Hapana jamani, hapo umeosha uso tu.

Iko hivi, ukikaanga changu na pweza kutwa nzima ule mvuke wa mafuta haushikwi wote na kichujio, unaobaki unapanda, unakuta bomba la kutolea moshi nje lina ubaridi kidogo, unaganda humo humo. Chukua bisibisi ukwangue kwenye kona kwa ndani, kinatoka kitu kizito cha kahawia kinanata kama gundi (mara ya kwanza nilidhani lami). Sasa karai likishika moto mwali unaenda juu, feni inauvuta, bomba linawaka mpaka darini na wewe uko chini unahangaika na karai. Na maji usimwage kabisa, yakizama kwenye mafuta yale yanageuka mvuke unaotanuka kama mara 1,700 na kurusha moto kila kona. Zima gesi, funika.

Kiwango cha Marekani cha kinga ya moto kwenye majiko ya biashara, NFPA 96, kinataka jiko la mkaa au kuni mfumo wake ukaguliwe kila mwezi, la kukaanga kwa wingi kila miezi 3. Na fundi akikufungia bomba lisilo na kimlango cha kukagulia, muulize mkono atapitisha wapi.